Saratani, mali kauli na usingizi unaopotea

Saa tisa usiku ni saa ya kazi kwa mfanyabiashara wa mpakani. Basi linakaribia geti, utingo anaamsha abiria waandae vitambulisho, mwenye mzigo anashuka kuhakikisha magunia yake hayajaguswa. Watu wa Busia, Mutukula, Namanga, Rusumo na Gatuna wameizoea saa hiyo kiasi kwamba hata wakiwa nyumbani kwao hufumbua macho bila kuamshwa.

Saa hiyo hiyo kuna watu wengine walio macho. Wamo katika gesti na vyumba vya kupanga vilivyo jirani na hospitali zinazotibu saratani Kampala, Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na Kigali. Wamelala chali, wanahesabu. Mionzi imebaki mara ngapi. Pesa imebaki kiasi gani. Mzigo uliochukuliwa mwezi uliopita utalipwa lini, na nani atakwenda kuudai.

Kukosa usingizi ni moja ya malalamiko ya kawaida kabisa ya watu wanaotibiwa saratani. Tafiti nyingi huweka idadi ya wanaosumbuliwa kuanzia theluthi moja ya wagonjwa hadi nusu na zaidi. Hata hivyo ni jambo linalotajwa mara chache mbele ya daktari. Mgonjwa amepanga foleni tangu alfajiri, anapewa dakika chache, anauliza kuhusu uvimbe, damu na gharama. Usingizi anauona kama anasa, jambo la kuulizia atakapopona.

Sababu nyingine ni za mwili wenyewe na zinaeleweka. Maumivu huongezeka usiku kwa sababu hakuna kinachomshughulisha mtu. Mionzi ya nyonga huwasha kibofu na utumbo, mgonjwa akaamka kwenda msalani mara tatu, mara nne. Dawa za homoni kama tamoksifeni, zinazotumika kwa saratani ya matiti, huleta joto la ghafla na jasho linalolowesha shuka. Wanaume wanaopewa dawa za kushusha homoni kwa ajili ya saratani ya tezi dume hupata joto hilo hilo, ingawa madereva na wenye malori wengi wangependa kukaa kimya kuliko kusema kwamba wanatoka jasho usiku kama mama aliyekoma hedhi.

Kisha kuna deksamethasoni, kidonge kidogo kinachotolewa pamoja na tibakemikali ili kuzuia kutapika. Kinafanya kazi yake vizuri, lakini humfanya mtu awe macho kama aliyekunywa buli zima la kahawa. Kikimezwa jioni, usiku umekwisha. Mara nyingi dawa ni kukihamishia asubuhi tu, na muuguzi anaweza kulisema hilo kwa nusu dakika, mradi ameulizwa.

Hayo ya mwili, kwa ugumu wake, ndiyo mepesi. La mali kauli ni zito zaidi.

Siri ya mwenye deni

Mfano ni huu, na kila anayevuka Mutukula anamfahamu mtu wa namna hii hata kama jina ni tofauti. Mama anachukua mchele Kahama, anaupeleka Kisenyi, Kampala, anarudi na vyombo vya plastiki. Sehemu ya mchele ameichukua kwa mali kauli: atalipa akishauza. Naye kule Kisenyi amewaachia wenye maduka kwa masharti hayo hayo. Hakuna hati wala mwanasheria. Kuna daftari, simu, na sifa kwamba mama huyu hakosi safari.

Anaambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi, ambayo katika nchi nyingi za ukanda huu ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine. Kwa hatua aliyofikia atahitaji mionzi siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa takriban wiki tano, pamoja na tibakemikali mara moja kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Daktari anazungumza kwa wiki. Mama anasikia safari: tano zimekwenda.

Sasa aseme au asiseme? Akisema, wanaomdai Kahama wanaweza kuja wote kwa siku moja, kila mmoja akitaka chake kabla mambo hayajaharibika. Wanaodaiwa naye Kisenyi wanaweza kuanza kupiga danadana, kwa hesabu ambayo hakuna anayeitamka lakini kila mtu anaielewa. Kwa hiyo anasema amesafiri. Mchana, akiwa kwenye foleni ya mionzi, simu ameizima. Usiku anaipokea na kusema kwamba mtandao wa kijijini ni mbaya, kwamba mvua imekata barabara, kwamba wiki ijayo atapita. Akishakata simu anakaa macho akikumbuka alichomwambia nani, ili kesho asijipinge.

Methali ya mficha maradhi inajulikana kotekote, lakini haikutungwa na mtu mwenye deni la mali kauli. Mama huyu hafichi kwa ujinga. Anafanya hesabu ya kibiashara, na katika hesabu hiyo kuna gharama moja ambayo hakuiandika: uongo unahitaji mlinzi wa usiku, na mlinzi huyo ni yeye.

Hapa ndipo neno ustahimilivu linapotumiwa vibaya. Mitaani na vikundini, mstahimilivu ni yule anayejikaza. Halii, halalamiki, anafungua duka siku mbili baada ya kutoka hospitali. Watafiti wanaopima ustahimilivu wana maana pana zaidi. Kipimo kinachotumika sana duniani, kilichotengenezwa na Connor na Davidson wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, kina maswali 25. Ndani yake yapo ya kuzoea mabadiliko na ya kutokata tamaa, kama inavyotarajiwa. Lakini yapo pia yanayouliza kama mtu ana uhusiano wa karibu anaoweza kuutegemea, na kama anajua pa kwenda kutafuta msaada anapobanwa. Anayejikaza peke yake anaweza kupata alama ndogo katika kipimo hicho, huku mtaa mzima unamwita mama wa chuma.

Usingizi nao una kipimo chake, cha Pittsburgh, kinachotumika tangu 1989. Alama zake huanzia 0 hadi 21, na anayezidi 5 huhesabiwa kuwa analala vibaya. Tafiti zilizotumia vipimo vya aina hii kwa wagonjwa wa saratani katika nchi mbalimbali zinaelekea upande mmoja: anayeona kwamba ana watu nyuma yake huwa na moyo mwepesi kuliko mwenzake, na hulala vizuri kuliko mwenzake. Nyingi ni picha ya siku moja tu, kwa hiyo haziwezi kutenganisha kabisa kipi kimesababisha kipi. Asiyelala hukasirika na kuwafukuza watu, na aliyefukuza watu halali. Mduara huo kila mwenye mgonjwa nyumbani ameuona.

Jambo moja katika tafiti za msaada wa kijamii linastahili kuangaliwa na watu wa biashara. Mara nyingi kinachomtuliza mgonjwa zaidi si wingi wa misaada aliyopokea, bali uhakika kwamba msaada upo akiuhitaji. Ni kama kuwa na wakala wa forodha anayeaminika upande wa pili. Huenda usimpigie mwezi mzima, lakini kwa sababu yupo, unalala ndani ya basi.

Msaada usiosaidia

Kuwa na watu si lazima kuwe nafuu. Mgonjwa wa saratani katika ukanda huu hupata watu wa kutosha, tena mara nyingine kupita kiasi. Wanakuja saa mbili usiku, kumi kwa mpigo, wanakaa hadi saa tano. Kila mmoja ana mizizi yake, ana mtu wa Tabora au wa Masaka aliyepona kwa kunywa kitu fulani, ana swali kwa nini hukwenda hospitali mapema. Wengine hulia, na mgonjwa ndiye anayegeuka mfariji. Wakiondoka, amechoka kuliko alivyoamka na usingizi umeruka.

Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Tanzania huitwa vikoba, Kenya chama, Rwanda ibimina na Kongo likelemba, vinajua kusaidia. Vikoba vingi vina hata mfuko wa jamii, uliotengwa kwa ajili ya maradhi na misiba. Tatizo ni kwamba katika vikundi vingi msiba una utaratibu na ugonjwa mrefu hauna. Mtu akifa, saa hiyo hiyo anajulikana nani anakusanya, kiasi gani, nani anakwenda na gari. Mtu akitibiwa kwa wiki tano, kila mmoja anatoa salamu na kumwachia mwenzake. Ni aibu kidogo kwamba mchango wa jeneza hutoka haraka kuliko wa chumba chenye utulivu karibu na hospitali.

Anachohitaji mama wa mfano huu kwa ajili ya usingizi wake ni kitu kidogo na mahususi. Mtu mmoja wa kushika daftari. Si watu wote kujua, maana hofu yake ya wadai ni ya kweli. Ni mwenzake mmoja wa njia ile ile, anayejua nani analipa na nani ni mjanja, akabidhiwe orodha ya Kahama na ya Kisenyi, na aseme mbele ya pande zote kwamba kwa mwezi huu simu zipigwe kwake. Anayedai apewe tarehe, hata kama ni ya mbali. Wafanyabiashara hukasirishwa na ukimya kuliko kuchelewa.

Mtu wa pili ni wa kukaa naye jioni, bila hotuba. Wa tatu, kama yupo, ni wa kujibu salamu za kundi la simu na kuwaambia wageni saa za kuja. Kazi hizo tatu haziuzwi dukani na hazihitaji harambee.

Ipo pia nguvu ya kukaa na watu wenye ugonjwa kama wako, na hapa historia ina funzo la kiasi. Mwaka 1989 David Spiegel, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo kuhusu wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliokuwa wakikutana kila wiki katika kikundi waliishi kwa wastani karibu miezi 37 tangu walipoingia katika utafiti, wenzao karibu miezi 19. Dunia ilisisimka. Lakini mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi nchini Canada, wa wanawake 235, haukuona tofauti yoyote katika urefu wa maisha, na Spiegel mwenyewe aliporudia utafiti wake hakupata tena matokeo yale ya kwanza kwa wanawake wote. Kilichobaki kimesimama ni hiki: walio katika kikundi, hasa wale walioanza wakiwa na dhiki kubwa, walipungukiwa na huzuni na maumivu. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kwamba akiwa na moyo mkunjufu uvimbe utaisha, anamdanganya, tena anamtwisha lawama ukirudi. Anayemwambia kwamba usiku utapungua urefu hamdanganyi.

Wiki tano mbali na nyumbani

Kuvuka mpaka kwa ajili ya saratani si jambo jipya. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, Kampala, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Ilikuwa ndiyo pekee Uganda, iliyopatikana mwaka 1995, na ilikuwa ikihudumia pia watu kutoka nchi jirani. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, na mashine mpya ilizinduliwa Mulago Januari 2018. Rwanda, ambayo ilikuwa imefungua kituo cha saratani cha Butaro mwaka 2012, ilianza kutoa mionzi ndani ya nchi mwaka 2019 katika Hospitali ya Jeshi, Kanombe. Kabla ya hapo anayehitaji mionzi alipanda gari au ndege. Burundi kwa miaka mingi haikuwa na mashine hata moja.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010. Mchele unavuka kwa cheti cha asili kilichorahisishwa, na mtu anavuka kwa kitambulisho katika baadhi ya nchi. Bima ya afya, kwa kawaida, inabaki getini. Mgonjwa aliyevuka hulipa kama mgeni, hukaa mbali na lugha ya mama yake, na mara nyingi ana msindikizaji mmoja tu, dada au binti, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda na ambaye naye halali. Ni nadra msindikizaji huyo kuulizwa hali yake.

Lakini mfanyabiashara ana kitu ambacho mkulima aliyetoka kijijini moja kwa moja hana: watu upande wa pili. Mwenye duka aliyemuuzia kwa miaka kumi anajua chumba cha bei nafuu kisicho juu ya baa. Mwanamke wa kubadilisha fedha anajua bodaboda asiyedanganya bei. Mtandao uliojengwa kwa ajili ya mchele na plastiki unaweza kubeba mgonjwa, ukiambiwa.

Kitanda kilichogeuka duka

Chumba cha gesti kina kitanda na pengine kiti kimoja. Mgonjwa anakula kitandani, anapokea simu za biashara kitandani, anahesabu noti kitandani, kisha saa nne usiku anakitaka kitanda hicho hicho kimlaze. Kinachokataa ni ubongo, ambao umeshazoea kwamba hapo ni dukani.

Tiba ambayo Chama cha Madaktari wa Marekani wa magonjwa ya ndani kiliipendekeza mwaka 2016 kuwa ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi haina kidonge. Ni mafunzo ya kubadili mazoea na fikra, na yamejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani yakafaa. Saa ya kuamka haibadiliki, hata baada ya usiku mbaya. Kitanda kinabaki cha kulala. Asiyepata usingizi kwa muda wa kama dakika 20 anatoka kitandani, anakaa kwenye kile kiti katika mwanga hafifu hadi macho yawe mazito. Usingizi wa mchana hauzidi nusu saa, na usiwe wa jioni. Matembezi mafupi ya mchana, kwa anayeyaweza, husaidia kupunguza ule uchovu wa saratani ambao kulala pekee hakuuondoi.

Kwa mfanyabiashara ipo hatua moja iliyomkaa vizuri zaidi: kuwa na saa ya hesabu. Saa kumi na moja jioni, juu ya kiti, daftari linafunguliwa. Linaandikwa kila deni na kila hofu, na mbele ya kila moja hatua ya kesho, hata ikiwa ni kumpigia tu yule aliyeshika orodha. Kisha linafungwa. Hesabu ikija saa tisa usiku, na itakuja, jibu lake limeshaandikwa.

Kuhusu dawa, mambo mawili hayasubiri. La kwanza ni vidonge vya usingizi vinavyouzwa kwa kunong'ona katika maduka ya mpakani. Vikichanganywa na morfini vinaweza kusimamisha pumzi ya mtu akiwa amelala. Hakuna anayepaswa kuvimeza bila daktari wake kujua.

La pili ni morfini yenyewe, ambayo wengi huiogopa kama dawa ya kufa. Ni dawa ya maumivu, na kwa wengi ndiyo dawa ya usingizi kwa sababu huondoa kinachowaamsha. Uganda imekuwa mfano barani tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Morfini ya maji hutengenezwa humo nchini, hutolewa bure, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, jambo ambalo lingemwamsha mgonjwa usiku wa manane, kwa hiyo wahudumu wa tiba shufaa mara nyingi hupanga dozi ya wakati wa kulala kwa namna itakayomfikisha asubuhi. Kipimo hicho hupangwa na wao, si na mgonjwa. Na kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa, anayevuka nayo abebe chupa yake ya asili na barua ya hospitali, na aulize kabla ya kufika getini, maana sheria ya upande mmoja si lazima iwe ya upande wa pili.

Turudi kwa mama wa Mutukula. Wiki ya tatu anamwambia mtu mmoja, mwanamke wa maharage wanayepanda naye basi moja. Huyu anashika daftari. Kahama wanapewa tarehe. Kisenyi wawili wanalipa, mmoja anazima simu, na deni lake huenda lisirudi kabisa. Kile kidonge cha jioni kinahamia asubuhi baada ya muuguzi kuulizwa. Analala saa nne, usiku mwingine saa tano. Saa tisa bado anafumbua macho, kwa mazoea ya miaka ishirini. Anakaa kwenye kiti. Simu imelala kwa jirani, nayo hailii.